Meli Mbili na Kibanda cha Babu Yako

Skarvvika,
Kaskazini mwa Norwe.
Tarehe 9 Machi, 2019.

Mpendwa mjukuu wangu Sunniva, mke mwenzangu,

Nakusalimu kutoka meza ileile ya dirishani. Hamjambo wewe na mumeo Callum? Kifua kimepona, au bado unakohoa? Huko Australia mna jua la kutosha, sioni kwa nini mtu akohoe. Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mimi nasumbuliwa na meno tu. Babu yako nitamfikia.

Theluji bado imeziba kidirisha cha ghala. Kondoo mmoja amezaa kabla ya wakati, na mtoto wake nimemlaza jikoni ndani ya sanduku la viazi. Analia kukushinda wewe ulipokuwa mchanga, na wewe ulikuwa balaa.

Sasa vile vitabu vya matangazo ya meli ulivyotutumia. Unajua mlango wa shule sikuuona. Herufi zetu nilijifunza mwenyewe kwenye almanaka, lakini Kiingereza hakimo. Gunnvor wa posta ndiye aliyetusomea. Umeniomba nikuchagulie safari ya kutazama pwani yetu. Nakuchagulia, na usinune.

Ile meli kubwa nyeupe ni hoteli iliyopotea njia. Ina bwawa la maji moto juu ya paa na vyumba vyenye roshani za vioo. Kwetu haifungi gatini. Inafika kwenye mdomo wa hori letu, pale bahari inapoingia kati ya milima, inapunguza mwendo, inapiga honi, watu wanapiga picha milima, na sisi tumo ndani ya picha kama mbuzi. Kisha inageuka.

Ile nyingine, meli ya pwani, ni ndogo. Inanuka dizeli na samaki mkavu, na Callum kwa urefu ule atalala amejikunja. Lakini inaleta barua, unga na vipuri vya trekta, kwa hiyo inafunga gatini kwetu. Na anayepokea kamba yake ya kufungia hapo gatini mpaka leo ni babu yako.

Kwenye kitabu cha meli kubwa kuna picha ya kibanda chekundu kando ya maji. Gunnvor akasoma maneno ya chini yake: kibanda cha wavuvi kilichoachwa. Babu yako Torleiv alikuwa anapaka siagi kwenye chapati ya viazi. Kisu kikasimama.

"Kilichoachwa na nani?"

"Mzee, mimi nasoma tu," Gunnvor akasema.

"Nyavu zangu zimo mle. Jana nilikuwa mle. Hawa wananiona maiti?"

"Rangi imebanduka yote," nikamwambia. "Hata mimi ningekuwa mpita njia ningesema mwenyewe alishazikwa."

Akala chapati yake mpaka ikaisha. Ndipo akauliza kama wewe unataka kupanda meli hiyo. Nikamwambia hujachagua.

"Achague aipendayo," akasema. "Kazi yangu ni kupokea kamba, si kupokea watu."

Unamjua. Siku ulipoondoka aliifungua kamba ya meli yako bila kuinua uso. Lile neno alilokuambia, kwamba anayehama hapa asitegemee kuwekewa sahani, sikulipenda siku ile na leo silipendi. Nawe ukalipiza kwa simu za Krismasi za kuniulizia mimi tu. Miaka sita sasa. Kichwa hicho kigumu hukukitoa kwangu.

Nyonga yake imekwisha. Daktari wa mjini amempa nafasi ya kupasuliwa, na akishapasuliwa hatashika kamba tena. Kazi itachukuliwa na mkwe wa Gunnvor. Juzi hospitali walipiga simu kutaka jibu. Nikamsikia akiwaambia, "Ngojeni kwanza. Kuna meli sijajua itakuja lini."

Alipoweka simu akaniona mlangoni. "Unatazama nini, bibi wewe?"

"Namtazama mpokea kamba," nikamjibu.

Jana alitoka na kopo la rangi nyekundu na fimbo yake. Nikamfuata nikamwambia rangi haishiki kwenye baridi hii. Akasema anajua. Amepaka mlango wa kibanda tu, ule unaotazama maji.

Basi pandeni ile ndogo, na iwe inayoshuka kusini. Hiyo hufika kwetu mchana. Inayopanda kaskazini hufika watu wamelala na gati lina barafu. Shukeni na mizigo. Kesho yake hupita nyingine, na kesho kutwa nyingine. Sahani huwa naweka mimi, si yeye. Usingoje akuambie neno. Atakuwa ameinama juu ya kamba, na kuinuka kwake ni kwa shida siku hizi, kwa hiyo mpe mkono.

Gunnvor anakusalimu, na shangazi yako Oddrun, ambaye bado anakudai sufuria yake. Msalimie Callum na mama yake. Mungu awafunike nyote, bahari iwe tulivu mkiwa juu yake.

Usiniandikie barua ndefu. Andika tarehe tu. Nitaisoma kwa sauti, yeye atajifanya hasikii, halafu atawapigia hospitali.

Wako akupendaye kuliko unavyostahili,
Bibi Asbjørg