Mnazi wa Kitovu Changu

Alhamisi, baada ya magharibi

Nimeifua leso mara mbili, na damu ya mdogo wangu Salimo haijatoka.

Watu wa gesi wanalitaka shamba alilotuachia mama. Gesi ya chini ni ya serikali; chetu ni minazi ya juu, na bila dole gumba langu karatasi haziendi. Mwezi mzima Salimo ananisukuma nikubali, nami nakataa.

Leo nimemkuta shambani na shoka. Mnazi alioupanda mama juu ya kitovu changu nilipozaliwa, ameuangusha.

"Dada, sasa huna cha kulilia huku. Tia dole, tupate kula."

Nikaking'oa kifuo cha kufulia nazi, nikampiga nacho mkononi. Mfupa ulivunjika kama kuti kavu, ukatoboa ngozi, damu ikanirukia lesoni. Akaanguka akimwita mama, yule yule tuliyemzika pale pale.

Majirani wamempeleka hospitali. Mkewe amekuja kunipigia kelele kwamba akipona ataniua. Huenda. Naogopa, nimeegemeza kinu mlangoni.

Lakini hilo silo linalonichoma. Leo nilimfuata shambani kumwambia nimekubali.