Kibanio Kisicho na Kinga

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, mchana

Mpendwa Kaka,

Nakuomba msamaha kabla hata sijakusalimu. Ulituma mzigo, ukapiga simu kuuliza kama umefika, nikakuahidi nitakuandikia vizuri, kisha nikanyamaza. Haikuwa dharau. Mtoto anaota meno, usingizi nausikia kwa wenzangu tu, na kila nikishika kalamu kuna mtu ananiita.

Hujambo lakini? Kile kifua kimepoa? Wifi na watoto hawajambo? Sisi miili ni mizima. Rohoni ndiko hakujatulia, ndiyo maana leo nimemlaza mtoto, nimefunga mlango, nakuandikia.

Osiloskopu yako, mashine ya kuonyesha umeme kama mawimbi kwenye kioo, ilifika bila hata mkwaruzo. Shemeji yako aliizunguka siku nzima kama bwana harusi. Kitabu chake cha maelekezo nilikisoma mimi, kidogo kidogo, mtoto mgongoni. Nikaelewa kwamba probu, ule waya wake wa kupimia, si waya mtupu. Kwenye ncha kuna rezista kubwa, yaani kizuizi cha umeme, na ukiweka swichi kwenye kumi, mashine inapokea sehemu moja tu ya kumi ya umeme unaoupima. Nikajifunza pia kuzungusha ile skrubu ndogo mpaka mawimbi ya mraba yasimame sawasawa, yasilegee mabega wala kuchongoka. Kazi hiyo sasa ni yangu kila asubuhi kabla hajaanza kupima vifaa vya wateja.

Mengine tulikosea tukacheka. Aliwahi kung'oa transista nzima kabisa za mashine ya kuchomelea kwa sababu kioo kilionyesha umeme unatetemeka. Kumbe mtetemo ulikuwa wetu wenyewe: ule waya mweusi wa kibanio, unaoshika upande hasi wa saketi, ulikuwa mrefu unaning'inia. Nilipoufupisha, mtetemo ukaisha. Mtaani wamemwita Daktari wa Wazima, na jina limemganda.

Lakini hili la sasa, Kaka, halichekeshi.

Alikuwa anapima upande wa umeme mkubwa wa mashine hiyohiyo, ule unaotoka ukutani moja kwa moja. Akabana kibanio kwenye hasi, kama alivyozoea kwenye redio. Ukalia mlipuko, swichi kuu ikaanguka, meno ya kibanio yakayeyuka. Fundi cherehani wa jirani akachungulia dirishani, akauliza kama tumehamia biashara ya baruti. Nikarudi kitabuni. Kibanio kimeungana na kasha la osiloskopu, na kasha limeungana na ardhi kupitia mguu wa tatu wa plagi. Alikuwa ameumwaga umeme wa ukutani ardhini.

Badala ya kukiogopa kibanio, akaulaumu mguu wa plagi. Fundi mwenzake, yule tunayemwita Mzee Solda, akamwambia mafundi wote wanaukata. Akaukata kwa koleo. Kweli, swichi haikuanguka tena.

"Unaona?" akaniambia. "Kimya."

Kimya hicho ndicho kinachoninyima raha. Umeme haukuondoka. Ulikosa pa kwenda tu, ukabaki kwenye kasha unamngoja mtu.

Na mtu huyo nusura awe mtoto. Siku hizi anasimama kwa kushikilia chochote. Baba yake alikuwa amekwisha bana kibanio, macho yakiwa kwenye kioo. Mtoto akanyoosha mkono kwenye ile shingo ya chuma inayong'aa, pale probu inapochomekwa. Nilimvuta kwa shati. Kiwiko changu kikaigusa shingo hiyo, mkono ukafa ganzi hadi begani. Tulianguka wote wawili, yeye analia, mimi sauti haitoki.

Shemeji yako alidhani nimejikwaa. Nilipomweleza, akasema, "Mbona mimi naishika kutwa? Halafu tumeweka kumi, mama. Kikubwa kinakuwa kidogo."

"Kumi iko kwenye ncha," nikamwambia. "Kwenye kibanio hakuna kitu, ni waya mtupu mpaka kwenye kasha. Wewe unashika vitufe vya plastiki na umevaa ndala. Mwanao yuko miguu mitupu."

Akasema tangu nizae nimekuwa mwoga. Huenda ni kweli. Nikiwa jikoni nisipomsikia akikohoa wala kuangusha bisibisi, naacha sufuria motoni naenda kumchungulia kama bado anatikisika.

Tena mwezi ujao wenye tanuri la mikate wanamletea kifaa kinachoendesha mota ya kukandia unga. Umeme wa ndani yake unakaribia kikomo kilichoandikwa kwenye probu yetu, na kitabu kinasema kikomo hicho hushuka kadiri mawimbi yanavyokwenda kasi. Amekwisha waahidi. Si mtu mbaya, Kaka, unamjua. Anahangaika kwa ajili yetu.

Nimefanya nililoweza. Nimenunua plagi mpya ya miguu mitatu nikaifunga mwenyewe. Probu nimeifungia sandukuni chini ya nguo zangu, na ufunguo hautoki mwilini mwangu. Nilimwambia, "Nuna, hamia sebuleni ukitaka. Probu haitoki mpaka kaka aseme." Amenuna, ila chakula anamaliza. Koleo bado liko mezani, na kila nikipita naiangalia plagi kama bado ina miguu yote.

Nisalimie Wifi sana, na Mama Mkubwa, umwambie mjukuu wake ana meno mawili na yote anayatumia kuniuma. Wabusu mapacha wako. Mungu akulinde huko, na huku ailinde mikono ya baba mtoto ninapokuwa simwoni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapochelewa,
Kitinda Mimba

Ninavyovihitaji bado ni hivi, usinibadilishie: probu ya kupimia tofauti ya umeme, ile yenye ncha mbili isiyo na kibanio cha ardhi, iwe imeandikwa volti elfu moja au zaidi; springi fupi za ardhi za kuvisha kwenye ncha ya probu tuliyonayo badala ya ule waya mrefu; kibanio kimoja cha kuziba pengo la kile kilichoyeyuka; na kabla ya vyote, simu yako kwa shemeji yako, wewe mwenyewe, umwambie polepole kwamba kwenye kibanio hakuna kumi.