Kiwiko Changu Jaridani

Jumapili, Buffalo. Theluji imekoma tangu asubuhi. Woga, bado.

Kwa heshima kubwa naitangazia dunia, na majirani wote wa East Side, kwamba kiwiko changu cha kushoto kimetokea kwenye jarida la biashara. La Kifaransa. Kipo pembeni mwa friji ya samaki. Pongezi nitazipokea kanisani baada ya ibada.

Bon, nimejaribu kuchekesha. Ukweli ni kwamba tangu picha ile itoke, nachungulia dirishani kila gari likipunguza mwendo. Dada yangu nampigia kila asubuhi nisikie kama amefungua duka.

Jarida lenyewe nalijua tangu zamani. Lilizaliwa Bukavu, kazi ya mwalimu mmoja wa uchumi aliyeamini wafanyabiashara wetu nao wana habari za kusomwa. Mwanzo lilikuwa karatasi za fotokopi zilizobanwa kwa pini. Baadaye likapata jalada la rangi. Mimi nililitembeza mjini, enzi zile bado nina kiuno.

Kila toleo lilikuwa na tajiri aliyepigwa picha dukani kwake, na kila tajiri, kabla mpiga picha hajafika, alihamishia bidhaa zote nyuma. Donc, lilikuwa jarida la matajiri wenye rafu tupu. Wageni walicheka. Sisi tulijua nani wengine wanalisoma.

Mjomba wetu alikataa kuhamisha. Akapigwa picha na magunia yake yote, anacheka. Haikupita wiki, wenye bunduki wakaja dukani, mmoja amelikunja jarida mkononi. Mjomba hatukumwona tena. Vita vilipozidi, jarida nalo likafa.

Sasa Esther, binti wa yule mwalimu, anaishi Louisville na amelifufua kwenye intaneti. Kwa toleo la kwanza alitaka kupiga picha duka la dada yangu mkubwa, Yaya Furaha, pale Morse Road, Columbus. Yaya akanipigia: njoo, naogopa. Nikapanda basi na hotuba yangu kichwani.

Nilimkuta ameshaanza. Unga wa muhogo, samaki wa chumvi, vitenge, vyote vimeingia stoo. Nikamtania kwamba wateja wakiona rafu tupu watamchangia. Kisha nikaitoa hotuba yote: hapa Amerika si kule, hakuna mtu atakuja na jarida mkononi.

Akakaa juu ya gunia.

“Mjomba alicheka kwenye ile picha,” akasema. “Mimi sitacheka. Lakini vitu turudishe.”

Tukarudisha kila kitu. Mgongo wangu haujanisamehe.

Wasomaji wananisifu kwamba nilijitoa kwenye picha ili dada aonekane peke yake. Asanteni, lakini hapana. Esther aliponyanyua kamera na kuniambia, “Papa, sogea karibu na mama,” niliuona tena ule mkono uliokunja jarida. Miguu ikaondoka bila kuniuliza. Mimi, mwenye hotuba, nikajibana nyuma ya friji.

Yaya hakugeuka. Aliikazia kamera macho, rafu zimejaa nyuma yake. Lakini ukiitazama picha vizuri, mkono wake mmoja umekwenda pembeni, umekishika kiwiko changu. Alikibana hadi kikauma.

Sijamuuliza kama alitaka kunivuta nitoke, ao alitaka kuja nilikojificha.