Programu Yangu Inanifukuzia Mchumba

Mpendwa Bi Warda, shikamoo, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimekwama na wenzangu chumbani wamechoka kunisikiliza.

Mimi ni Trevor, Mkenya, mlinzi kwenye jengo la flati hapa Al Sadd, na mwaka jana nilijifunza kuandika programu kwa Python kupitia video za mtandaoni, nikaunda programu ya getini inayompiga mgeni picha na kuandika jina lake na flati anayokwenda, mudir, yaani meneja wetu, akaipenda, akaniahidi kwamba ikitulia atanitoa juani anipeleke chumba cha kamera, chenye AC, nami nikaona Mungu amenikumbuka. Shida ni kwamba asubuhi inakwenda vizuri, lakini kadiri wageni wanavyoingia ndivyo inavyoijaza kumbukumbu ya kompyuta, inajikokota, mwishowe inaganda na foleni inafika barabarani, kwa hiyo mimi na mwenzangu Bakari, wa Tanga, tukabuni dawa yetu: adhana ikilia na mudir akienda kuswali, mmoja wetu anaizima na kuiwasha upya, na mudir akirudi anakuta mambo shwari.

Sasa Bi Warda, Ijumaa ndiyo siku yangu ya mapumziko na ndiyo siku pekee ya mchumba wangu Gakii, ambaye analea watoto kwenye nyumba moja Umm Salal, tunaonana kanisani asubuhi kisha tunakwenda kula, lakini Ijumaa ndiyo wageni wanafurika na Bakari yuko msikitini, nilipomsihi akaniambia, "Kaka, siwezi kumwacha imamu kwenye hutuba nije kubonyeza kompyuta yako," basi adhuhuri alamu ya simu inalia nami naacha chakula mezani naenda mbio Al Sadd. Gakii ananiuliza, "Trevor, si uniambie tu ukweli, huyo mtu wa kila Ijumaa ni nani?" nami nikisema ni kompyuta anacheka vile mtu hucheka akitaka kulia, na juzi ameniambia, "Ukiinuka tena kabla nimalize kula, pete nakuachia hapo kando ya pilipili."

Nimetafuta vifaa vya kugundua kumbukumbu inavujia wapi, nimeshusha kila nilichokiona, Valgrind nimeiendesha mchana kutwa ikanitapikia mistari nisiyoielewa, nikaweka na zile za kusafisha kompyuta zenye picha ya ufagio, nikaongeza na RAM, yaani kumbukumbu yenyewe, nayo ikaliwa. Je, nitumie kifaa gani, na Gakii nimwambie nini? Nampenda, Bi Warda, wala sina mwingine.

Trevor, Al Sadd

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Sasa acha nikukaripie.

Miaka yote naletewa wanaume wenye mwanamke wa pili. Wewe umeniletea kompyuta, na bado Gakii ana haki ya kuona wivu, kwa sababu ikiita unaitika na yeye akiita unavaa viatu. Mambo ya Python siyajui hata kwa sura, hivyo nilimwita mume wangu Haji, ambaye kazi yake ni kuandika programu. Alisoma barua yako akapaliwa na chai.

Haji anauliza, Valgrind ulikuwa unaitafutia nini? Hiyo ni ya programu za lugha ya C na jamaa zake; kwa Python itakusimulia mambo ya ndani ya Python yenyewe. Zile za ufagio zifute leo, hazijui ulichokiandika. Kifaa chako kinaitwa tracemalloc, na kimo ndani ya hiyo hiyo Python tangu siku uliyoiweka. Kiwashe programu inapoanza. Kichukue hali ya kumbukumbu asubuhi, kichukue tena foleni ikianza kujikokota, kisha ukiambie kilinganishe. Kitakutajia faili na mstari unaovimba.

Na mwache kuizima kila adhana ikilia! Mnapoizima mnafuta ushahidi. Mlinzi mzima, unamfungulia mwizi geti kabla hujaiona sura yake!

Haji anabashiri hivi: umeandika programu kilinzi. Mnafundishwa kutotupa chochote, basi kila anayeingia unaishika picha yake, na hakuna mahali ulipoagiza aachiliwe. Hata aliyeleta shawarma asubuhi na kuondoka zake bado amekaa humo. Picha ihifadhiwe kwenye diski, na kwenye kumbukumbu iondolewe mara tu ikishahifadhiwa. Lakini usimwamini Haji wala mimi. Pima kwanza ndipo urekebishe.

Kisha nenda kwa mudir mwenyewe umweleze. Najua unaogopa hicho chumba cha AC kikuponyoke, na pengine kitachelewa. Ila mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chako kitakuwa foleni mpaka barabarani siku Bakari ana homa. Muombe kwamba Ijumaa hii, programu ikiganda, wageni waandikwe kwa kalamu. Walinzi waliandika kwa kalamu kabla hujazaliwa, na majengo hayakuanguka.

Ijumaa alamu uizime kabla ya kuingia kanisani. Kaa kwenye kiti mpaka Gakii amalize kula, na akiagiza chai, subiri na chai. Muombe msamaha kwanza. Usianze na tracemalloc. Akishakusamehe, bado usianze.