Magari Yasiyotoka

Jumamosi, 8 Novemba

Gari la umeme: chaji asilimia tisini na sita. La petroli: tangi limejaa. Nimeliwasha, nikahesabu dakika mbili, nikazima. Nimelipangusa vumbi. Kila Jumamosi hivi hivi tangu Mama aje kutoka Kakamega na mapafu yake mabovu.

Mpango ni huu. Dhoruba ikikata stima, gari la umeme linalisha mashine yake ya oksijeni. Soketi iko chini ya kiti cha nyuma, waya unapita dirishani. La petroli ni la kukimbia kujaza mtungi wa akiba, ambao hautoshi hata saa mbili. Kwa hiyo yote mawili yanakaa. Mimi naenda kazini Sandton kwa lifti ya Baba Espoir, jirani wetu aliyetoka Bukavu, mlinzi wa jengo la karibu na ofisi yetu. Mtu mwenye magari mawili anaomba lifti. Leo ameniambia kwa Kiswahili cha kwao, "Dada, motokari njo ya kutembea, haiko ya kulala."

Acheke tu. Si mama yake.

Mama ameshinda dirishani. Maua ya mijakaranda yanaanguka, barabara yote zambarau. Mpira wa puani una mita saba. Dunia yake inaishia mlango wa jikoni.

Jumanne, 11 Novemba

Joto. Mawingu yalijikusanya upande wa uwanja wa mbio za farasi, kisha yakatawanyika. Nimechomeka gari tena. Mia.

Mama ameota anatembea barabara ndefu isiyo na nyumba, hana mpira puani. Ameieleza ndoto nzima, kichaka kwa kichaka, nami nikajikuta naiona. Halafu akauliza kama Jumapili tunaweza kwenda kuwatazama farasi. Nikasema, na dhoruba ikitukuta njiani? Akaanza kuukusanya mpira wake mapajani.

Jumatano, 12 Novemba

Imekuja. Saa kumi alasiri mbingu zikawa kijani, halafu mvua ya mawe. Transfoma ya mtaa imelipuka nikiitazama.

Nilivuta waya. Mashine ikanguruma tena kabla Mama hajamaliza kukohoa. Nilifurahi, sitadanganya. Miezi minane ya kujiandaa. Nilijiona mtu wa maana sana.

Alhamisi, 13 Novemba

Themanini na moja.

Friji za watu zimezima, kwa hiyo mtaa mzima unachoma nyama. Moshi unaingia polepole, unakaa sebuleni kama mgeni. Mama akiwa nusu usingizini amesema kunanukia Krismasi. Nimelala kidogo kando yake. Sikujua ni nani kati yetu aliyekuwa anaota.

Mafundi wa stima walikuja, wakaangalia juu, wakaondoka.

Ijumaa, 14 Novemba

Hamsini na nane. Linashuka haraka kuliko nilivyodhani.

Usiku tuliutumia mtungi wa akiba kuokoa chaji, nikaamua kwenda kuujaza. Nimezungusha ufunguo wa gari la petroli. Tik. Basi. Tik tena. Baba Espoir amekuja kufungua boneti. Betri imekufa. Ameniuliza huwa naliendesha mara ngapi. Nikamwambia kuhusu zile dakika mbili. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kuwasha kunakula betri, amesema, na dakika mbili hazirudishi kitu. Gari lilikuwa linataka kwenda hata sokoni tu. Tukaunganisha nyaya na lake, likakohoa, likazimika getini.

Ameupeleka mtungi mwenyewe. Amerudi nao mtupu. Depo ya oksijeni nayo haina stima, imefungwa hadi Jumatatu. Duka la betri vilevile.

Nimekaa ndani ya gari lenye tangi lililojaa, nikalia. Nimejichukia leo.

Jumamosi, 15 Novemba

Thelathini na saba asubuhi. Likifika ishirini linakata lenyewe. Yaani kesho asubuhi Mama hana hewa.

Sandton kuna stima, Baba Espoir ameiona. Lakini gari likienda kuchajiwa, mashine inazima. Likibaki, inazima kesho. Nimezunguka na hesabu hiyo sebuleni saa nzima. Hatimaye Mama akachoka kunitazama.

"Kwani soketi iko kwa nyumba ama kwa gari?"

Yaani gari liende na yeye akiwa ndani. Mimi, na digrii zangu, sikuliwaza.

Baba Espoir amembeba na gauni la kulalia na blanketi. Mashine tumeiweka kiti cha pembeni yake, tukaifunga mkanda kama abiria. Roboti, yaani taa za barabarani, zote za njiani zimezima. Magari yanapishana kwenye makutano kwa zamu, taratibu, kila mtu anampungia mwenzake mkono. Mama akaomba dirisha lishushwe. Upepo, majani mabichi, zambarau kila mahali. Mashine ilikuwa inapumua nyuma yangu.

Sandton nimemwonyesha dirisha la ofisi yangu. Ameliangalia muda mrefu. "Kumbe huwa unakuja mbali hivi," amesema, kama ananionea huruma.

Tumechaji hadi tisini. Nikageuza kurudi.

"Usirudi bado," Mama akasema.

Nikamwambia kila kilomita ni hewa yake. Akasema anajua, ni yake, ndiyo maana anaomba.

Nikaendesha. Sijui tulipita wapi. Mitaa yenye kuta ndefu, miti inayokutana juu, jua la saa kumi. Niliogopa njia nzima, na nikaendesha. Mama hakulala hata kidogo. Tumefika nyumbani na sabini na tatu.

Jumapili, 16 Novemba

Stima imerudi wakati wa chai. Nimeichomeka mashine ukutani.

Mama ameniuliza kama kuna dhoruba wiki hii. Nimeangalia simu. Jua tupu hadi Ijumaa, nikamwambia, asiwe na wasiwasi. Akasema haya, akageukia dirisha.

Alikuwa anaitaka hiyo dhoruba, imtoe tena nje. Nimechelewa kuelewa. Nimeona aibu, nikasimama pale mlangoni na simu mkononi.

Kisha nikamtolea gauni lake la kanisani. Viatu havikuingia, miguu imevimba. Ameenda kuwatazama farasi akiwa na soksi tu.