Leo Masanja Kageuza Shingo

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na njia yote ya kutoka Kwihara ni tope tupu. Nimerudi kutoka kliniki nimelowa chapachapa, ila baridi siisikii. Naandika hili kwanza, nisije nikadhani nimeota: mwanangu Masanja anasikia.

Mwaka na nusu tangu azaliwe, sikuthubutu kuuliza.

Mtoto wangu wa kwanza, Kabula, ana miaka saba. Hasikii, hasemi, na alichelewa kutembea hadi nikakata tamaa. Mama mkwe alisema nimekuja na mkosi kutoka kwetu Buha, akaninyooshea kidole shingoni. Nina rovu, uvimbe wa shingo, tangu usichana. Kwetu milimani wanawake wengi wanalo, wala hatukuliita ugonjwa. Hapa, katika kijiji chetu cha ujamaa, nilijifunza kulifunika kwa khanga.

Niungame: hata Kabula nilimficha. Mimi ndiye ninayefundisha watu wazima kusoma, jioni, kwenye ghala la kijiji. Kila walipokuja wageni kukagua darasa, nilimfungia ndani.

Mimba ya Masanja ilipofika miezi miwili nilikwenda kliniki kwa ajili ya kutapika tu. Mkunga wa pale, Bi Zuhura, mama mtu mzima wa Tabora mjini, hakuanza na tumbo. Aliitoa khanga shingoni, akapapasa, akauliza habari za mtoto wa kwanza. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Mwanangu, hukulogwa," akasema. "Mwili wako umepungukiwa na madini joto. Mtoto akiwa tumboni anayahitaji ili ubongo wake ukue. Ya Kabula yamekwisha kupita. Ya huyu bado."

Alinipeleka mwenyewe hospitali ya mjini, nikachomwa sindano ya mafuta yenye hayo madini. Nilikubali, ila sikuamini. Masanja alipozaliwa nilimchungulia kwa hofu kila siku. Alikaa kwa wakati wake, akasimama kwa wakati wake. Alipoanza kutamka vineno vyake nikajiambia labda anaguna tu, kama dada yake.

Leo Bi Zuhura aliniambia nimpakate. Akazunguka nyuma yetu taratibu, akagonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko. Masanja akageuka mara moja, akamtazama usoni, akauliza, "Nini?"

Bi Zuhura alicheka. Mimi nililia, hadi akina mama kwenye benchi wakadhani nimepata msiba.

Njiani mvua ilinipiga na mimi natabasamu peke yangu. Lakini nilimwaza Kabula pia. Bi Zuhura hakunificha: hakuna sindano itakayomrudishia alichokosa tumboni. Anaweza kujifunza kwa macho na kwa mikono, kama tutakaa naye tumfundishe. Hilo alilirudia mara mbili, na mara zote mbili nilitazama chini.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama mkwe yote, nikisubiri aitaje tena Buha. Hakunitaka radhi. Aliendelea kupeta mtama wake kwa muda mrefu. Kisha akanitajia mke wa Maganga, shemeji yangu, ambaye nyumba yake iko mbele ya yetu.

"Ana mimba changa," akasema. "Na shingo yake naiona. Kesho umpeleke."

"Ndiyo, mama," nikamjibu. Miaka saba nimebeba lawama ile, na leo imeshuka bila mtu kuitaja.

Nimekuwa nikimtafutia Kabula nguo ya safari. Gauni lake la Krismasi limekuwa fupi, linamfika juu ya magoti, lakini ni safi. Kesho tunakwenda naye kliniki, na tutapita katikati ya kijiji, mchana kweupe, nimemshika mkono.