Nguvu Haitoshi, na Waya Nimeuficha

Mpendwa mshauri, kabla sijaomba msaada naomba kwanza kuutangazia umma, kwa akili zangu timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, kwamba waya wa umeme wa kompyuta ya mume wangu umo ndani ya mkoba wangu, kati ya kitana na mwavuli, kwamba naingia nao kazini na kutoka nao, na kwamba sitautoa mpaka nijibiwe.

Mume wangu huchora nyumba ambazo hazijajengwa, yaani mtu anamletea ramani ya karatasi naye anaigeuza kuwa picha inayotembea, unaona sebule, unaona jua linaingia dirishani, mlango unafunguka wa nyumba ambayo bado ni kiwanja cha nyasi, na kwa kazi hiyo aliacha ajira, na sasa amepata kazi ya mtaa mzima wa nyumba inayotakiwa Jumatatu asubuhi, na asipoipeleka itachukuliwa na mwenzake wa zamani wa ofisini ambaye siku hizi wanasalimiana kwa meno tu. Kwa ajili ya kazi hiyo shemeji yangu alimletea kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachoichorea kompyuta picha, zile za juu kabisa, feni tatu, nzito kama tofali, mume wangu akaichomeka kwenye kompyuta mahali pa ile ya zamani huku anaimba, na amani ya nyumba ikatokea mlango wa nyuma.

Kwa sababu kompyuta inawaka vizuri, mshauri, unafungua hiki unafunga kile, lakini ikianza kazi yenyewe, feni zikivuma, inazima pu, bila hata kuaga. Yeye anasema ni programu. Mimi ni mpokea simu kwenye zahanati ya meno, umeme sikuusomea, ila pua ninayo, na juzi niliingia chumba ilimo nikasikia harufu ya plastiki, nikachungulia ubavuni ambako mfuniko aliutoa zamani akasema mashine ipumue, nikaona plagi inayoingia kwenye kadi imegeuka kahawia kwenye kona, kama karatasi iliyochungulia moto ikarudi. Nikamwambia, baba, hii saplai, hili boksi la kugawa umeme, ni ya kompyuta ile ya kwanza, imezidiwa.

"Imeandikwa wati mia saba na hamsini ubavuni," akasema. "Unataka iape?"

"Kuna kitu kinanuka."

"Mke wangu, wewe ni mpokea simu, si mhandisi."

"Na pua nayo ilitakiwa ikasome?"

Hapo akaenda kwa jirani akarudi na saplai nyingine kuukuu iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa, na sasa mpango wake ni kuzifunga mbili kwa kipande cha waya zivute pamoja kama ng'ombe wa jembe. Ningesema sawa, kila mtu na ufundi wake, lakini kompyuta hiyo iko kwenye chumba anacholala mama mkwe, nyuma ya pazia, karibu na miguu ya kitanda, na mama miguu yake haimkimbizi popote, kutoka kitandani mpaka mlangoni ni safari yenye mapumziko. Hilo ndilo lililonifanya nichomoe waya, si kiburi kama anavyowaambia watu.

Sasa nifike kwenye aibu. Kwa kuwa hanisikilizi nilimpigia wifi yangu simu nikiwa jikoni, dada yake wa kumfuata, labda atamsikia, nikanong'ona, "Wifi, mwenzio nimechoka, nguvu haitoshi, inaanza vizuri, kazi ikipamba moto inazima, nikimwambia atafute msaada anasema mimi ndiye nisiyejua." Nikageuka, mama mkwe amesimama mlangoni na kikombe chake, anatikisa kichwa kwa huruma kubwa mno. Sikuelewa huruma ile ni ya nini mpaka kesho yake mezani, wote tupo, wifi naye kaja mbio, mama akaweka kijiko chini akamwambia mwanawe, "Mwanangu, si aibu. Hata marehemu baba yako ilimpata, tena akiwa kijana kuliko wewe. Tulinyamaza, tukatafuta dawa, na huyu mdogo wako akazaliwa."

Mume wangu akauliza, "Nini kilimpata baba?"

"Nguvu," mama akasema.

Wifi maji yalimwingia puani. Nilijaribu kueleza, mshauri, nikasema ni saplai, mama, saplai ya kompyuta, mama akanipigapiga mkono akasema, "Ndiyo, mkwe wangu, tutaiita hivyo hivyo." Mume wangu akasimama, uso umekuwa kama ukuta mpya, akasema, "Jumamosi jioni nawasha. Zote mbili. Zitavuma mpaka mtaa wa pili wasikie, halafu tutajua hapa nguvu ipo au haipo." Tangu siku hiyo tunaongea kupitia kwa mama, na mama kila akipata nafasi ananiuliza kwa sauti ya chini kama kuna mabadiliko.

Naomba unisaidie, nikirudisha waya naogopa moto, nikikaa nao Jumatatu itafika kazi haijatoka na lawama zitakuwa zangu, na saplai yenyewe ya kununua siijui, dukani nitaulizwa wati ngapi nami nitajibu nyingi. Ni mimi, Mwenye Mkoba Mzito.

JIBU

Binti yangu mwenye mkoba, pua yako ina akili. Ungeifuata hiyo peke yake, mdomo ukauacha upumzike, leo nisingekuwa na kazi.

Nianze na mdomo. Lugha yetu ina adabu ya kumficha mtenda ndani ya herufi moja. "Inaanza vizuri, inazima." Nini inaanza? Hukusema. Mama wa watu kasimama na kikombe chake, kasikia mke wa mwanawe ananong'ona jikoni kuhusu nguvu, ulitaka afikirie kompyuta? Hata mimi ninayelipwa kusoma barua zenu nilirudi nyuma kuhakikisha. Siku nyingine taja kitu kwanza, ndipo ukishtaki.

Sasa waya. Ulipofunga zipu ya mkoba ulidhani umeikata kompyuta pumzi. Waya huo, binti, ni ndugu pacha wa ule ulio nyuma ya skrini yake, na wa printa kama anayo. Mtu anayeishi kwa kompyuta analijua hilo kuliko jina la mtaa wake. Angeweza kuwasha kabla hujafika kituo cha basi. Hakuwasha. Kaa chini ujiulize kwa nini.

Nitakujibu mwenyewe, maana muda hauko upande wako. Mume wako ile rangi ya kahawia ameiona. Harufu ameisikia kabla yako. Anaogopa, na ulipouficha waya ulimpa sababu ya kutowasha, akashukuru kimoyomoyo huku anakununia. Shida ni kwamba sasa ameshaapa mezani, mbele ya mama yake na dada yake, na mwanamume aliyeambiwa hana nguvu mbele ya mama yake ataitafuta hata ndani ya moto. Nyumba yenu haitaunguzwa na saplai. Itaunguzwa na neno.

Kwa hiyo badilisha neno. Usiseme tena "nguvu haitoshi." Sema "mzigo umezidi." Nguvu ikipungua, mwenye nguvu amepungukiwa, mzigo ukizidi, wa kulaumiwa ni mzigo. Liseme mezani, mama akiwepo na wifi akiwepo, kwa sauti ya mpokea simu: "Kadi aliyoleta shemeji ina mzigo mkubwa, saplai yoyote ya zamani ingezidiwa." Kisha nyamaza. Utaona mabega yake yanashuka. Na shemeji hayupo kujitetea.

Kuhusu mashine yenyewe nimewauliza mafundi wawili, ambao hawapendani, nao wakakubaliana, jambo lililonitisha kidogo. Kadi ya daraja hilo peke yake inaweza kula wati mia nne na hamsini, na kuna vipindi vya kufumba na kufumbua macho inaruka juu zaidi ya hapo; huko kuruka ndiko kunakoizima kompyuta yenu bila kuaga. Weka na ubongo wa kompyuta, na feni, na vingine vinavyokula kimyakimya, mia saba na hamsini imekwisha. Tena hayo maandishi ya ubavuni si shahidi wa kuaminika. Saplai nyingine huandikwa kile inachoweza kuvuta kwa pumzi moja, si kwa kutwa nzima, na yenu umri umeshaipunguza.

Nunueni ya wati elfu moja, ya kampuni yenye jina na dhamana ya miaka mingi, si ile nyepesi inayouzwa bila boksi. Iwe na waya wake wenyewe wa kuingia kwenye kadi moja kwa moja, ile plagi ya pini kumi na sita, bila adapta katikati. Msihamishe waya hata mmoja kutoka saplai ya zamani kwenda mpya, hata kama plagi inaingia vizuri, maana kila kampuni hupanga nyaya zake inavyotaka, na kuingia si kuelewana. Plagi isukumwe mpaka mwisho, usionekane mwanya, na waya usikunjwe shingoni. Lakini kabla ya kuchomeka chochote, fundi alikague tundu la kadi pale palipoungua. Hiyo plagi ya kahawia haina kazi nyingine duniani, itupwe.

Saplai mbili kufungwa kwa kipande cha waya? Hapana. Hao ng'ombe hawajawahi kulima pamoja, mmoja akichelewa mwingine atavuta jembe lote, na anayelala karibu na shamba ni mama. Wala asithubutu kuifungua moja atengeneze nyingine. Ndani hubaki umeme hata ikiwa imechomolewa. Na iwe mpya, iwe ya zamani, ichomekwe ukutani, si kwenye ekstensheni inayogawana na pasi.

Mama ahame chumba leo, kabla ya chai. Usimweleze mengi. Mwambie feni zinapiga kelele.

Saplai ikikosekana, rudisheni kadi yake ya zamani, ambayo saplai ile inaiweza, mpe waya wake na aanze kazi leo leo. Itakwenda taratibu, picha zitatoka kidogo kidogo, lakini zitatoka, na nyumba ambayo haijajengwa haina haraka kuliko mwenye kuichora. Kadi kubwa ikae kwenye boksi lake, haiozi.

Mkiisha kupatana, vaeni viatu mtoke wote wawili. Dukani mwache aulize yeye. Wewe simama pembeni, na usinong'one na mtu.

Gazeti hili linatoka Jumamosi. Maduka mengi ya kompyuta leo hufunga mchana, na kesho hayafungui.